Mkono wa Kavira Kichwani

Biira,

Begi lako liko mlangoni, limefungwa. Sabuni, shuka, kandambili, vyote umeviona kwa macho yako mwenyewe, kwa hiyo mambo hayo sitayaandika. Kampala kuna maduka. Nilichosahau utanunua.

Nakuandikia kwa sababu umeenda Nyakiyumbu kumuaga bibi yako na nyumba imetulia. Tena tangu Jumamosi nikifungua mdomo kukusemesha sauti yangu inapanda, na ikipanda wewe unajifunika shuka mpaka usoni. Marehemu baba yako alizoea kuniambia kwamba naongea kama afande anayekagua mabuti. Yeye ndiye aliyekuwa askari, mimi nilikuwa mke wa askari tu, lakini Kiswahili cha kambini ndicho tulichowalea nacho na ndicho ninachoandikia hapa. Barua haina sauti. Utaisoma mpaka mwisho bila kujifunika.

Nimechukia, mwanangu. Naliweka neno hili mbele ili usihangaike kulitafuta. Nina kinyaa kisichotoka. Nikinywa chai kiko pale, nikila bundu, ugali wetu wa muhogo, kiko pale, jana nimetema mate njia nzima kutoka Mpondwe hadi nyumbani mpaka mtu wa bodaboda akaniuliza, mama, una mimba? Nikamwambia aangalie barabara.

Kinyaa chenyewe kinaanza na soda, na soda niliinywa mimi, kwa hiyo nianze na mimi.

Unakumbuka Jumamosi walivyotupanga. Wazazi wa wachezaji tulikaa kwenye tenti, viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, na kila mmoja akapewa soda ya machungwa baridi na paja la kuku. Mbele yetu uwanja, umefagiliwa, mistari ya chokaa imenyooka. Kuzunguka uwanja wamefunga kamba ya katani kwenye miti, na nje ya kamba wale ambao hawakualikwa. Nilikuwa nimefungua soda tayari, nimepiga funda la kwanza, nilipomwona Kavira wetu wa chumba cha nyuma amesimama nje ya kamba. Amevaa kaptura yake ileile ya kaka yake, mikono mitupu, hana glavu. Nikafikiri amechelewa, sasa hivi watamwingiza. Nikapiga funda la pili. Kisha nikamwona mlinzi anamwambia, "Wewe, nyuma! Nimesema nyuma." Na mtoto akarudi nyuma hatua moja, hakubisha, kama mtu aliyekwisha kuambiwa.

Soda ile niliimaliza, Biira. Nilijua na nikaimaliza. Sina cha kusema zaidi juu ya hilo, ila ujue kwamba ninayekuandikia sijakaa juu ya mlima nikikutazama chini.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo nililikosea miaka mingi, na wewe umelipia.

Mwalimu wenu alipoleta huu mchezo wa besiboli shuleni nilimcheka. Watoto wanapiga hewa kwa gongo, wanakimbia kuzunguka vigunia vya mchanga, wanarudi palepale walipotoka. Nilisema ni mchezo wa watu walioshiba. Halafu siku moja natoka sokoni nikasimama kando ya uwanja kupumzisha shingo, na nikamwona Kavira akirusha. Mtoto mwembamba, lakini mkono ule. Mpira ulifika kwako kabla sijageuza kichwa, na mlio wake kwenye glavu yako ulifanya mbuzi wa mtu wainue vichwa. Wewe ulikuwa umechuchumaa nyuma ya mpigaji, chuma kimefunika uso. Kabla hajarusha tena alikutazama akingoja, na wewe ukaweka mkono kichwani. Akatulia na mpira wake. Kisha ukashika kiuno, kama mtu anayekaza kitenge, naye akaachia.

Nilisimama pale na kapu langu. Zile zilikuwa ishara zetu za mtoni.

Nilikufundisha mimi, ulipokuwa mdogo, chini ya meza ya kibanda, wewe na Kavira, ili mtulie nifanye biashara. Mlidhani ni mchezo. Si mchezo. Wakati ule tulikuwa tunavuka mto Lhubiriha upande wa juu, mbali na daraja na forodha, tumebeba vitenge na mawese ya Kongo. Mmoja anatangulia. Akifika ng'ambo akakuta njia iko wazi, anakaza kitenge kiunoni, na sisi tunavuka. Akikuta askari wa forodha, anaweka mkono kichwani, kama mtu aliyechomwa na jua. Hapo waliobaki nyuma hakuna anayesogea. Tunalala kwenye matete na mizigo yetu, na yeye anachukuliwa peke yake na mzigo wake. Hatoi jina la mtu. Anasema, niko peke yangu, afande.

Hayo nilikufundisha. Kilichobaki sikukufundisha, nilidhani hutakihitaji, nilidhani utasoma na kuondoka na mto usikuhusu. Sikiliza sasa. Yule aliyechukuliwa anarudi nyumbani na kapu tupu. Kesho yake asubuhi, kila mwanamke aliyepona kwa mkono wake anapita kwake kwanza. Anatoa katika mzigo wake, anaweka katika kapu lake. Huyu kitenge kimoja, yule kidumu kidogo cha mafuta, mpaka kapu lile lisimame tena. Kabla hujafanya hivyo huendi sokoni, hufungui mzigo, huuzi hata uzi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo na hakuna mwenyekiti wake. Mimi nimewahi kuweka mkono kichwani mara moja, na kesho yake nilipofungua mlango kapu langu lilikuwa linamwagika. Nililia kama mjinga.

Palikuwa na mmoja, jina namfichia kwa sababu ana wajukuu, alipona kwa mkono wa mwenzake akaenda kuuza kwanza. Alisema atampelekea jioni. Jioni akasema kesho. Hakuna aliyemtukana. Tulimsalimia, tuliulizana habari za watoto. Ila tangu hapo alivuka peke yake. Akija mtoni kila mtu alikuwa ameshatangulia au ana homa. Haikuchukua muda akaacha biashara, akarudi Munkunyu kulima pamba ya watu.

Tuache mto. Turudi Jumamosi.

Yule mama mgeni kutoka Amerika, Mama Loreta, alisimama kueleza kwa nini wamekuja na mchezo huu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba besiboli ina historia ya watu wenye ngozi yetu. Alisema zamani kwao mtu mweusi alikuwa hawezi kucheza na wazungu hata awe hodari vipi, basi wakaanzisha timu zao wenyewe, uwanja wao, mashabiki wao. Babu yake alikuwa mrushaji. Walisafiri kwenye basi na kulala humohumo kwa sababu hoteli ziliwakataa, na wakiomba chakula walipitishiwa mlango wa nyuma wa jikoni. Mama wa watu alitoa leso akajifuta macho. Tenti nzima tukasema pole. Mwenyekiti wetu wa mtaa, aliyekuwa anatafsiri, naye akajifuta macho yasiyo na kitu.

Wakati huohuo, Biira, nyuma ya tenti, Mama Kavira alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa akimenya matoke. Walimwita kupika. Chakula chake nilimwona nacho baadaye, kwenye kifuniko cha sufuria, nyuma ya jikoni. Mwanawe yuko nje ya kamba, mama yuko nyuma ya masufuria, na huku mbele tunalia kwa ajili ya babu wa mtu aliyepewa chakula mlango wa nyuma. Mimi sijasoma, lakini sihitaji kusoma kuona kitu kilichooza kikiwa mezani.

Halafu wakakuita wewe usome.

Ulisoma vizuri, siwezi kusema uongo. Kiingereza chako kilinyooka mpaka nikakaa wima. Mwalimu alinong'ona akinitafsiria: waliambiwa uwanja huu si wenu, wakatengeneza uwanja wao, leo tunavaa majina yao mgongoni ili asibaki mtu nje tena. Asibaki mtu nje tena. Ulipofika hapo uliinua macho, na najua yalitua wapi, kwa sababu sauti yako ilikatika, kisha ukaendelea. Watu walipiga makofi wakidhani ni uchungu wa historia.

Mrushaji wenu alikuwa Doreen, binti wa mwenyekiti. Mtoto hana kosa, sitaki umchukie, na kesho mkikaa pamoja mgawie karanga zako. Hakuomba kuwekwa pale. Ulimwonyesha kiuno, akakuangalia tu hajui unataka nini. Akarusha mpira ukaingia vumbini. Akarusha mwingine ukampita mpigaji kwa mbali na kumfuata bibi mmoja kwenye kamba. Watu wakacheka. Ndipo ulipofanya lile ambalo nimelishika mpaka leo kama kitu changu. Ulisimama. Ukavua chuma usoni. Ukageuka kumtazama Kavira, ukapiga hatua ya kwanza kuelekea kwenye kamba, kisha ya pili.

Na Kavira akaweka mkono kichwani.

Niliuona. Katika tenti ile hakuna mwingine aliyejua kusoma mkono ule isipokuwa mimi. Wengine waliona mtoto anajikinga jua. Alikuwa anakuambia, mimi nimeshakamatwa, wewe kaa hapohapo, usisogee, mzigo wako upite. Ukasimama kidogo, ukarudisha chuma usoni, ukachuchumaa.

Jumapili ulipofoka uliniambia, "Mama, yeye mwenyewe aliniambia nikae!" Ni kweli. Sikatai. Mkono ulipanda na wewe ukautii, na mtoni ndivyo inavyotakiwa. Kwa hilo sijakuchukia hata kidogo, tuelewane.

Kinyaa changu kiko kwenye kilichofuata.

Mchezo ulipokwisha Mama Loreta alikuja pale mlipokuwa mnavua viatu, mwenyekiti pembeni yake. Akakusifu. Akasema yeye na wenzake wanachukua wasichana wawili kwenda shule ya Kampala yenye timu, mdakaji pamoja na mrushaji wake, kwa sababu hao wawili wakishazoeana hawatenganishwi. Kisha akakuuliza, ni nani anayekurushia kila siku? Nimemwuliza mwalimu nikahakikisha ndivyo alivyouliza. Nawe ukamwangalia mwenyekiti. Ukanyoosha mkono, ukaugusisha begani kwa Doreen.

Nilikuwa nimesimama karibu. Sikuelewa maneno, lakini bega nililiona.

Nikaenda. Nilijipenyeza kwenye watu nikamshika Mama Loreta mkono, na kwa kuwa yeye hana Kiswahili na mimi sina Kiingereza, ikabidi nimwambie mwenyekiti atafsiri. Fikiria upumbavu wangu huo, nampa fisi nyama apeleke. Nikasema, mwambie mama huyu kwamba mrushaji wa timu hii ni yule msichana aliye nje ya kamba, anaitwa Kavira, na mmemfukuza kwa sababu ni Mkongo. Mwenyekiti alitabasamu mpaka meno ya nyuma. Akaongea Kiingereza kirefu. Mama Loreta akanishika mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga, akasema asante, asante sana. Neno hilo kwa Kizungu hata mimi nalijua. Nikajua maneno yangu hayajafika.

Wewe ulikuwa hatua mbili kutoka kwetu, Biira. Una Kiingereza cha kutosha kuwaliza watu. Ulisikia alichosema. Ukaangalia viatu vyako.

Tuliporudi nyumbani nilikuuliza, alisema nini? Ukajibu, "Alisema unashukuru kwa moyo wote na unaomba Mungu awabariki." Ukaingia kulala na jua bado liko juu.

Hapo ndipo kichefuchefu kilipoanza. Mtu amechukua mdomo wangu, amekwenda nao, amesemea uongo wake, na mwanangu amesimama anatazama.

Nimemwendea mwalimu Jumatatu. Nilidhani pengine kuna sheria, kwamba wageni walitaka raia tu. Kila mtu alikuwa anasema hivyo, "Ni mambo ya makaratasi, Mama Masika, wageni wanataka raia." Mwalimu alifunga mlango wa darasa kwanza, ndipo akaniambia, wageni hawakusema hivyo. Waliuliza nani anajua kucheza. Kadi ya ukimbizi ya Kavira ingetosha kabisa, shule ile ina wengine wenye kadi kama hiyo. Neno la raia lililetwa na mwenyekiti asubuhi ya mchezo, na siku hiyohiyo jina la Doreen likaingia. Nikamwuliza mwalimu, na wewe ukanyamaza? Akasema, "Mama, nina watoto wanne." Nilikuwa bado nina ladha ya soda mdomoni.

Mwenyekiti huyo bibi yake alitoka Butembo ya Kongo kuja kuolewa huku, wazee wote wa Bwera wanajua. Juzi kwenye msiba alikuwa analia kwa Kinande safi cha ng'ambo. Kama Kavira ni mgeni, yeye ni nini? Kavira ni binti wa pili kwa mama yake, wewe ni binti wa pili kwangu nyuma ya dada yako Masika, na kwa hiyo mna jina moja, wao ng'ambo ile wanalitamka Kavira na sisi upande huu tunalitamka Biira. Siku walipohamia chumba cha nyuma, wametoka upande wa Beni na godoro moja, Mama Kavira alisikia nakuita akacheka, mara yake ya kwanza kucheka tangu wafike. Akasema, "Dada, tumezaa mutoto mumoja mara mbili." Tangu siku hiyo nani amehesabu nani kala kwa nani?

Jana nilimwendea. Nilichukua muda kubisha hodi, mimi ambaye huwa naingia tu. Nilitaka aniseme, anitukane, nipumue. Alikuwa anafua. Hakuacha kufua.

Akasema, "Dada, ule mutoto wako haiko mubaya. Beko batoto. Lakini wa kwangu analala tu, anaangaliaka ukuta."

Nikamwambia kuhusu mwenyekiti, nikamwambia aliyosema mwalimu. Akakamua shati, akalianika.

"Mimi sina neno," akasema. "Tulikimbia vita, hatukukimbilia fete, sherehe ya batu."

"Ungemwambia yule mama mgeni."

"Kwa luga gani?"

Nikamwanikia shati jingine. Kavira alikuwa ndani, alinisikia. Akatoka, akapiga goti kunisalimia kama kawaida, akasema, "Biira iko sawa, maman? Anaogopa kusafiri?" Hilo ndilo alilouliza. Nilijifanya naangalia mawingu.

Kwa hiyo sasa umeelewa kwa nini naandika. Mimi nimejaribu, mdomo wangu ulitekwa njiani. Mama Kavira hana lugha. Mwalimu ana watoto wanne. Katika watu wote wanaojua ukweli huu, mwenye Kiingereza asiyelipwa na mwenyekiti ni wewe peke yako, na kesho utakaa saa nyingi kwenye basi moja na Mama Loreta kutoka hapa mpaka Kampala.

Najua unachoogopa, usidhani sijui. Unaogopa atakuondoa na wewe, atasema mtoto huyu ni mwongo, alinyooshea bega la mtu mwingine, hatumtaki. Inawezekana. Siwezi kukuapia kwamba haitatokea. Inawezekana pia aseme nafasi zimejaa, basi, na Kavira abaki, na wewe uwe umejiaibisha bure. Yote hayo nimeyapima nikiwa hapa mezani, na kila nikiyapima naona yanahusu mzigo wako, si kapu lake. Kapu lake liko tupu hata ukiogopa.

Unaogopa pia kwa ajili yangu. Uliponijibu Jumapili ulisema, "Unataka akutoe sokoni?" Nilinyamaza wakati ule, ukadhani nimekubali. Mwenyekiti anaweza kunitoa kibandani, ni kweli, ana njia zake. Kibanda ni mbao na bati. Nimeuza nikiwa nimekaa juu ya jiwe wewe ukiwa mgongoni, na ulinenepa. Usimbebe mama yako begani kama kisingizio, mimi mzito, utaumia bure. Mimi nataka kuamka nikanywe chai bila kutema mate.

Na usije ukafikiri nakutuma ukatae safari. Hapana. Nenda. Nilikaa kwenye tenti ile nikikuangalia umechuchumaa, nikasema moyoni, huyu nimemzaa mimi. Daka mipira yao yote. Nakutaka uende mpaka mbali, mpaka watu wa Kasese wasikie habari zako redioni na kubishana kama wewe ni wa kwao. Ninachosema ni kwamba kuna wa kupitia kwake kwanza. Ukifika Kampala ukaanza kudaka mipira ya Doreen kabla hujasema neno, utakuwa umeshauza. Jioni utasema kesho. Nimemwona mtu akisema kesho, nimekuambia aliishia wapi, na alikuwa mwanamke mzuri tu, mcheshi, anayejua kupika.

Mimi nilikufundisha kutazama mkono wa mwenzako. Kosa langu ni hilo, nilikufundisha nusu. Nusu hiyo inafaa kuponea. Na mtu anaweza kuponea maisha yake yote.

Kesho asubuhi basi dogo la wageni litawachukua wewe na Doreen hapo mbele ya uwanja. Mwalimu anasema limebaki na viti vitupu nyuma. Mwenyekiti atakuja kumuaga mwanawe, atakuwa na tabasamu lile, atataka kutafsiri. Usimwachie. Ongea mwenyewe, hata kama sauti inakatika. Jumamosi ilikatika na bado walikuelewa.

Kavira atakuwa pale. Mama yake amemfungia begi leo, nimekaa naye akilifunga, ameweka na ile kaptura. Nilimwomba Kavira jambo moja tu, asikuwekee tena mkono kichwani. Hakunijibu, na namjua, atakuona umesimama mbele ya wakubwa unatetemeka, atakuhurumia, mkono utapanda wenyewe.

Kwa hiyo nimemwambia hilo begi alishike kwa mikono yote miwili.

Mama yako